Majina Bila Kazi, Kazi Bila Majina: Kufundisha Maunzi na Programu za Tarakilishi kwa Kiswahili katika Sekondari Msingi

IKISIRI

Mwanafunzi wa Sekondari Msingi nchini Kenya hukutana na tarakilishi mara mbili. Katika somo la Kiswahili huifahamu kama orodha ya msamiati wa kukariri. Katika masomo ya kiufundi huifahamu kama mashine inayofanya kazi, lakini kwa Kiingereza. Makala haya yanadai kuwa pande hizi mbili zinapaswa kukutanishwa, na kwamba mofolojia ya Kiswahili yenyewe humpa mwalimu nyenzo ya kufanya hivyo. Yanaeleza dhana za msingi za maunzi na programu kwa kuzingatia kazi ya kila sehemu, yanachunguza mkanganyiko unaozaliwa na neno "kumbukumbu", na yanapendekeza namna ya kupanga kipindi kimoja cha dakika 40.

1.0 Utangulizi

Mnamo 2023 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 7, na Sekondari Msingi ikaanza rasmi nchini. Mwaka huo huo ndio uliofanywa mtihani wa mwisho wa KCPE. Baada ya masomo kupunguzwa mwaka 2024, mada za tarakilishi ziliingizwa katika somo la matayarisho ya ufundi, ambalo kila mwanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 hulisoma. Kwa hivyo, maunzi na programu si mada ya wachache tena. Ni elimu ya kila mtoto wa umri wa miaka 12 hadi 14, awe katika shule yenye chumba cha tarakilishi au katika ile ambayo kifaa pekee ni simu ya mwalimu.

Wale waliopitia mfumo wa 8-4-4 watakumbuka kwamba tarakilishi haikuwa ngeni katika somo la Kiswahili. Ilikuwa miongoni mwa mada za msamiati zilizorudiwarudiwa katika vitabu vya marudio, sambamba na akisami, malipo na vikembe. Mwanafunzi alitarajiwa kujua kwamba kuna kipanya, kuna kiwambo, kuna kichapishi, kama alivyotarajiwa kujua kwamba kikembe cha nyangumi ni kinyangunya. Jibu likawa sahihi, alama ikatolewa, na mada ikafungwa.

Kasoro ya utaratibu huo ni kwamba kujua jina la kitu si kukijua kitu. Mwanafunzi anaweza kutaja sehemu 10 za tarakilishi bila kusita, kisha ashindwe kueleza kwa nini insha aliyokuwa akiichapa hutoweka stima inapopotea, ilhali insha ya juma lililopita ingalipo. Kwa upande mwingine, mwenzake aliyefundishwa na mwalimu wa tarakilishi anaweza kulijibu swali hilo kwa Kiingereza, lakini hawezi kumweleza nyanya yake nyumbani. Mmoja ana majina bila kazi. Mwingine ana kazi bila majina.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hadhi hii haitakuwa na maana kubwa iwapo mambo yanayotawala maisha ya kila siku hayaelezeki kwa lugha hiyo. Swali linaloongoza makala haya basi ni hili: je, mwalimu wa Kiswahili anaweza kufundisha majina ya maunzi na programu kwa namna ambayo mwanafunzi atayaelewa maunzi na programu zenyewe?

2.0 Majina Mengi ya Kifaa Kimoja

Kikwazo cha kwanza ni wingi wa majina. Kifaa chenyewe kina majina matatu yanayofahamika: kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Neno kompyuta ndilo lililotamalaki nchini Tanzania. Tarakilishi, ambalo hufafanuliwa kuwa muungano wa tarakimu na akili, limeota mizizi katika vitabu vya Kenya. Ngamizi halikupata wasemaji wengi, na huenda sababu mojawapo ni kwamba sikio hulihusisha na kuangamiza. Hali ni hiyo hiyo kwa sehemu za kifaa. Kuna kibodi, kicharazio na baobonye. Kuna skrini, kiwambo na kiwamba. Kuna printa na kichapishi.

Wataalamu wa istilahi wamependekeza vigezo vya kupimia majina kama haya. Wanafunzi wa isimu wanavifahamu vigezo vya Kiingi vijulikanavyo kwa kifupisho cha PEGITOSCA, ambavyo miongoni mwavyo ni usahihi, iktisadi, uangavu na ukubalifu. Kwa kigezo cha ukubalifu, printa hulishinda kichapishi, kwa kuwa ndilo neno la dukani na ofisini. Kwa kigezo cha uangavu, kichapishi hulishinda printa, kwa kuwa hata asiyewahi kukiona kifaa hicho anaweza kukisia kazi yake. Mjadala huu mara nyingi huendeshwa kana kwamba ni lazima neno moja life ili jingine liishi.

Darasani hakuna haja ya ugomvi huo. Makala haya yanashikilia kwamba maneno ya aina hizi mbili yana majukumu mawili tofauti. Neno la mkopo ni jina la kuitia kitu. Neno lililoundwa ni maelezo mafupi ya kazi yake. Mwalimu akisema, "Printa ni kichapishi, kwa sababu huchapisha," amefundisha jina na kazi kwa sentensi moja. Lililo muhimu ni kwamba akishachagua neno la kuendeshea kipindi, asilibadilishe katikati ya maelezo. Mwanafunzi anayesikia kiwambo mwanzoni, skrini katikati na kiwamba mwishoni atadhani ameonyeshwa vitu vitatu.

Mofolojia yetu inasaidia sana hapa. Kiambishi ki- katika ngeli ya KI-VI huunda majina ya vifaa kutokana na vitenzi: kifagio hufagia, kizibo huziba, kifuniko hufunika. Mwanafunzi wa Gredi ya 7 anaijua kanuni hii hata kama hajawahi kuisikia ikitajwa. Anapokutana na kichapishi, kichakataji au kipaza sauti, anahitaji tu kuonyeshwa kwamba ni ndugu wa kifagio. Hata neno maunzi si geni kwa anayejua kwamba kulinda huzaa mlinzi na kupenda huzaa mpenzi. Kwa utaratibu huo huo wa sauti /d/ kugeuka /z/, kuunda huzaa kiunzi na maunzi. Maunzi ya tarakilishi basi ni vile vitu vilivyoundwa, vinavyoshikika: chuma, plastiki, nyaya na vipande vya silikoni.

3.0 Maunzi: Kazi Nne

Vitabu vingi huorodhesha maunzi kwa mpangilio wa picha: hiki ni kiwambo, hiki ni kibodi, hiki ni kipanya. Mpangilio huo huyafanya maunzi yaonekane kama vyombo vya jikoni vilivyotundikwa ukutani. Mpangilio ufaao zaidi ni wa kazi, nazo ni nne: kuingiza, kuchakata, kuhifadhi na kutoa.

Kitenzi kuchakata kinastahili kuwa kiini cha somo. Kabla ya kuhusishwa na data, kilitumiwa kueleza kazi ya kupondaponda kitu ili kukigeuza, na hadi leo husemwa kuchakata katani. Katika mashamba ya mkonge, kama yale ya Vipingo kule Kilifi na Mwatate kule Taita-Taveta, majani mabichi huingizwa katika mashine, nyama ya jani hukwanguliwa, na nyuzi hutoka upande wa pili zikiwa tayari kuanikwa. Jani limeingia, uzi umetoka. Katikati pana mashine. Tarakilishi hufanya vivyo hivyo, ila malighafi yake si majani bali ni data, na kitokacho si nyuzi bali ni habari.

Vifaa vya kuingiza ni malango ya data. Kibodi huingiza herufi na tarakimu. Kipanya huingiza mwendo wa mkono na mbonyezo wa kidole. Kipaza sauti huingiza sauti. Kamera huingiza picha. Vifaa vya kutoa ni malango ya upande wa pili: kiwambo huonyesha, kichapishi huchapisha, spika hutoa sauti. Neno kiwambo lenyewe linatokana na kuwamba, yaani kukaza ngozi juu ya ngoma au kamba juu ya kitanda, na mwanafunzi akilielewa hivyo halisahau. Zoezi zuri hapa ni kuwauliza wanafunzi kiwambo cha simu kiwekwe kundi gani. Ni kifaa cha kutoa, kwa kuwa huonyesha. Ni kifaa cha kuingiza pia, kwa kuwa huguswa na kidole na kupokea amri. Mwanafunzi aliyekariri orodha atakwama. Aliyeelewa kazi atajibu kwamba kifaa kimoja kinaweza kuwa na kazi mbili.

Kichakataji ndicho kiini cha mashine. Kazi yake, ikielezwa kwa ufupi, ni mzunguko wa hatua tatu: huchukua agizo, hulifasiri, hulitekeleza, kisha huchukua jingine. Mzunguko huu huongozwa na mdundo wa saa ya ndani. Kichakataji cha gigahetsi 2 hupigiwa midundo bilioni 2 kwa kila sekunde. Kichakataji hakina hekima, kina kasi. Kila agizo lake ni dogo mno: jumlisha namba hizi mbili, linganisha hii na ile, hamisha hii pale. Ukubwa wa kazi unatokana na wingi wa maagizo madogo.

Data yenyewe huingia katika kichakataji ikiwa katika hali mbili tu, ambazo huandikwa 0 na 1. Kila moja ya tarakimu hizo huitwa biti, na biti 8 hufanya baiti 1. Kwa kuwa biti 8 zinaweza kupangwa kwa namna 256, baiti moja inatosha kuwakilisha herufi yoyote ya alfabeti yetu. Herufi kubwa A, kwa mfano, huwakilishwa na namba 65, yaani 01000001. Methali "Haba na haba hujaza kibaba" ina herufi na nafasi 26. Kwa hivyo huchukua baiti 26, sawa na biti 208. Kilobaiti moja ya baiti 1,024 inaweza kuibeba methali hiyo mara 39 ikiandikwa mfululizo. Hesabu hii inafaa kufanywa na wanafunzi wenyewe ubaoni, kwa methali wazipendazo.

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Maandishi yake ya herufi za Kirumi hayana alama za ziada juu wala chini ya herufi, hivyo kila herufi hutoshewa na baiti moja. Tatizo dogo liko katika ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo. Ritifaa iliyonyooka huchukua baiti 1, lakini ile iliyopinda, ambayo programu nyingi huiweka zenyewe, huchukua baiti 3 katika mfumo wa usimbaji wa UTF-8. Kwa macho yetu ni neno moja. Kwa tarakilishi huwa ni maneno mawili tofauti. Mtafiti anayetafuta neno ng'ombe katika matini ndefu anaweza kuyakosa matukio yake mengi kwa sababu ya alama hiyo moja.

4.0 Kumbukumbu Si Hifadhi

Tumesema kwamba kazi ya tatu ya maunzi ni kuhifadhi. Hapa ndipo lugha inapoweza kumsaidia mwanafunzi au kumpoteza kabisa. Tarakilishi ina mahali pa aina mbili pa kuweka data, na mahali hapo hupaswi kuchanganywa.

Pa kwanza ni pale ambapo kichakataji huweka data inayofanyiwa kazi wakati huo. Hapo ndipo maduka hupaita RAM. Panafikika kwa kasi kubwa, lakini hutegemea umeme. Stima ikikatika, kila kilichokuwamo hutoweka. Pa pili ni diski, kadi au kitunzio kingine ambamo data hubaki hata kifaa kikizimwa kwa miezi. Ni papana zaidi, lakini hufikika polepole zaidi. Simu inayotangazwa kuwa na RAM ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64 ina vitu viwili tofauti. Ile 64 ni kubwa mara 16, lakini haiwezi kuifanya kazi ya ile 4 kwa kasi ile ile.

Tatizo ni kwamba mara nyingi mahali hapa pote wawili huitwa kumbukumbu, na mitaani pote huitwa memori. Katika Kiswahili cha kawaida, neno kumbukumbu lina maana mbili. Kwanza ni uwezo wa kukumbuka. Pili ni taarifa zilizoandikwa ili zisisahaulike, kama tusemavyo kumbukumbu za mkutano. Maana hii ya pili ni ya kitu cha kudumu: katibu huandika kumbukumbu ili mwaka ujao asiwepo mtu wa kukana yaliyoamuliwa. Mwanafunzi anayefahamu maana hiyo akiambiwa kwamba insha yake iko katika kumbukumbu ya tarakilishi, ana haki ya kuamini kwamba iko salama. Stima inapopotea na insha kupotea nayo, si mwanafunzi aliyekosa akili. Ni istilahi iliyomdanganya.

Kinyume chake, kitenzi kuhifadhi kinabeba maana ifaayo. Tunapozungumza juu ya mtu aliyehifadhi shairi, tuna maana kwamba ameliweka moyoni na analikariri kwa ghibu. Taa ikizimika shairi halimtoki. Hiyo ndiyo kazi ya diski. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza kwamba mwalimu asiitumie istilahi kumbukumbu peke yake. RAM iitwe kumbukumbu ya muda, na diski pamoja na kadi ziitwe hifadhi. Kitendo cha kubonyeza "Hifadhi" katika programu ya kuandikia kitafsirika chenyewe: ni kuitoa insha katika kumbukumbu ya muda na kuipeleka katika hifadhi.

Mfano wa seremala unafaa kukamilishia maelezo haya. Kabati la seremala ni hifadhi: lina mbao na vifaa vyote, na jioni hufungwa kwa kufuli. Meza yake ya kazi ni kumbukumbu ya muda: huwekwa juu yake vile tu anavyovitumia sasa. Meza pana humwezesha kufanya kazi nyingi kwa pamoja bila kwenda kabatini kila mara. Meza ikiwa finyu, seremala hutumia muda mwingi akitembea. Ndiyo maana tarakilishi yenye kumbukumbu ndogo ya muda husuasua unapofungua programu nyingi, hata kama kichakataji chake ni cha kasi. Na ikiwa kila jioni meza hufagiwa bila kuulizwa, basi kisichorudishwa kabatini ndicho kitakachopotea.

Inafaa pia kumweleza mwanafunzi maana ya ile ishara ya mraba inayotumiwa katika programu nyingi kuashiria kuhifadhi. Ni picha ya disketi ya inchi 3.5, kitunzio ambacho yeye hajapata kukishika. Disketi hiyo ilibeba takriban megabaiti 1.44. Diski mweko ya gigabaiti 32 inayoning'inia katika funguo za mwalimu ina nafasi ya zaidi ya disketi 22,000. Maunzi yamekufa, alama yake imebaki, kama nahau inayoishi baada ya desturi iliyoizaa kusahaulika.

5.0 Programu: Hadithi Ndani ya Kitabu

Maunzi hushikika, programu haishikiki. Mwanafunzi wa fasihi ana njia rahisi ya kuieleza tofauti hii. Kitabu kina uzito, kina jalada, kinaweza kuloa au kuungua. Hadithi iliyomo haina uzito. Inaweza kunakiliwa katika kitabu kingine, kusimuliwa na fanani au kuhamishwa katika kanda, na bado ikabaki hadithi ile ile. Programu ni kama hadithi hiyo, kwa tofauti moja: sentensi zake zote ni amri.

Tofauti hii haikuwapo waziwazi tangu mwanzo. Tarakilishi ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na takriban vali 18,000 na ilijaza chumba kizima. Kuibadilishia kazi kulimaanisha kuhamisha nyaya na kugeuza swichi, kazi iliyofanywa na kundi la wanawake 6 waliokuwa waprogramu wake wa kwanza. Kubadili amri kulikuwa kuibadili mashine yenyewe. Tarehe 21 Juni 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, mashine ndogo ya majaribio ilitekeleza programu iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake. Tangu hapo, amri zikawa kitu cha kuingizwa na kutolewa, na mashine moja ikaweza kufanya kazi nyingi bila kuguswa nyaya zake. Neno la Kiingereza la kuitofautisha programu na maunzi lilichapishwa na mwanatakwimu John Tukey mwaka 1958. Dhana ilitangulia, istilahi ikafuata; si Kiswahili pekee kilichopitia hali hiyo.

Programu hugawanywa katika makundi makuu mawili. La kwanza ni mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows, Linux na Android. Huu ndio unaoamka kwanza kifaa kinapowashwa, na ndio unaogawa muda wa kichakataji, kugawa nafasi katika kumbukumbu ya muda, kupanga majalada katika hifadhi, na kupokea kinachotoka kwenye kibodi na kipanya. La pili ni programu tumizi, yaani zile zinazomfanyia mtumiaji kazi mahususi: kuandika, kukokotoa, kuchora, kusikiliza muziki. Programu tumizi haizungumzi na maunzi moja kwa moja. Hupitia kwa mfumo wa uendeshaji, kama mgeni asivyoingia kijijini bila kupitia kwa mzee wa mtaa. Ndiyo maana programu iliyoundwa kwa ajili ya Android haifunguki hivi hivi katika Windows, hata kama maunzi yana nguvu za kutosha.

6.0 Kiswahili Ndani ya Programu

Kuna swali ambalo wanafunzi huuliza wanapoandika insha ya Kiswahili kwa tarakilishi: kwa nini kila neno linapigiwa mstari mwekundu? Asiyejibiwa vizuri huhitimisha kwamba mashine haikipendi Kiswahili, au vibaya zaidi, kwamba Kiswahili chake kina makosa. Aliyeelewa tofauti ya maunzi na programu ana jibu. Kibodi haijui lugha. Kichakataji hakijui lugha. Mstari ule umechorwa na programu ya kukagua tahajia, ambayo huyalinganisha maneno na yale inayoyajua. Ikiwa imewekewa Kiingereza, itayakataa maneno yetu yote. Kosa haliko katika lugha wala katika mashine, bali katika programu iliyochaguliwa, na programu inaweza kubadilishwa.

Kazi ya kuibadilisha ilianza zamani. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office katika muongo huo huo. Leo simu nyingi za Android hukubali kugeuzwa ziwe za Kiswahili kupitia mipangilio yake. Hata hivyo, Wakenya wengi huziacha simu zao katika Kiingereza, na hivyo istilahi zilizoundwa kwa jasho hazipati watumiaji wa kuzikosoa na kuzizoesha.

Aidha, Kiswahili kina ugumu ambao orodha ya maneno haiwezi kuumaliza. Mzizi -som- pekee huzaa ninasoma, hatukusomeshana, waliosomewa na mamia ya maumbo mengine. Mkaguzi wa tahajia wa Kiswahili hana budi kujua viambishi, si maneno tu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda programu ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili katika miaka ya 1980. Kazi yake inathibitisha kwamba kanuni tunazozisoma katika madarasa ya mofolojia zinaweza kugeuzwa kuwa amri za tarakilishi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayedhani kwamba programu ni shughuli ya wanasayansi pekee hajatambua kuwa uchanganuzi wake wa vitenzi ni nusu ya programu hiyo.

7.0 Kipindi Kimoja cha Dakika 40

Maelezo yaliyotangulia yanaweza kupangwa katika kipindi kimoja, hata pasipo na tarakilishi. Mpangilio ufuatao unapendekezwa:

(i) Dakika 5: Mwalimu auandike ubaoni mfululizo wa kifagio, kizibo, kifuniko. Wanafunzi wataje vitenzi vilivyozaa majina hayo, kisha wakisie kazi ya kichapishi na kichakataji.

(ii) Dakika 10: Wanafunzi 4 wasimame mbele. Wa kwanza awe kibodi, wa pili kichakataji, wa tatu kumbukumbu ya muda akiwa na ubao mdogo na chaki, wa nne kiwambo. Kibodi anong'oneze namba mbili; kumbukumbu aziandike; kichakataji azijumlishe; kiwambo atangaze jibu.

(iii) Dakika 8: Mwalimu atangaze kwamba stima imepotea. Ubao mdogo ufutwe papo hapo. Darasa liulizwe: jibu liko wapi? Mchezo urudiwe, safari hii mwanafunzi wa tano mwenye daftari na kalamu akiwa hifadhi.

(iv) Dakika 10: Wanafunzi waandike, wawili wawili, amri za kupika chai kwa mfuatano. Mwalimu azitekeleze kama zilivyo, bila kuongeza busara yake. Aliyesahau kuandika "washa jiko" ataona chai yake ikibaki baridi. Hapo ndipo watakapoelewa kwamba programu hutenda ilichoamriwa, si kilichokusudiwa.

(v) Dakika 7: Kila mwanafunzi aandike sentensi moja inayoanza, "Insha isipohifadhiwa hupotea kwa sababu..."

Tathmini iko katika hatua ya mwisho. Haimwulizi mwanafunzi jina la kitu, bali inamtaka atumie majina kueleza tukio. Sentensi kama "kwa sababu ilikuwa katika kumbukumbu ya muda, ambayo hutegemea umeme" ni ushahidi wa kutosha kwamba majina na kazi vimekutana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa maunzi na programu vinaweza kufundishwa kwa Kiswahili bila kuusaliti usahihi wa kisayansi, mradi mwalimu azipange istilahi kwa kazi, aiache mofolojia ya lugha imsaidie, na asitumie neno moja kwa dhana mbili. Mfano wa kumbukumbu na hifadhi umedhihirisha kuwa uteuzi wa istilahi si pambo la kamusi. Humjenga au humpotosha mtoto aliyeketi mbele ya mashine.

Inapendekezwa kwamba walimu wa Kiswahili na wale wa somo la matayarisho ya ufundi katika shule moja waketi pamoja mwanzoni mwa muhula na kukubaliana juu ya istilahi zisizozidi 20. Hali kadhalika, wanachama wa vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu wanaweza kuanza na hatua isiyogharimu chochote: kuzigeuza simu zao ziwe za Kiswahili kwa muhula mmoja, kuzinakili istilahi wanazokutana nazo, na kuzijadili katika mikutano yao, zipi ni angavu na zipi zinapotosha. Lugha hukua kwa kutumiwa na wale wanaoielewa. Mtoto wa Gredi ya 7 anayeweza kumweleza nyanya yake kwa nini picha zilizo katika simu hazifutiki simu ikizimwa amefaulu somo la tarakilishi na somo la Kiswahili kwa wakati mmoja.